Siku Hii Ilianzia Makaburini

Ndugu zangu, kila Mei nasimama mbele yenu na jambo hili hili, na nitaendelea kulirudia, kwa sababu Jumatatu ijayo moshi wa nyama choma utapanda nyuma ya nyumba zetu zote hapa Marekani, watoto watashangilia mabwawa ya kuogelea yakifunguliwa, na wengi wao watalala usiku bila kujua kwamba siku hiyo, Memorial Day, ni ya kuwakumbuka askari wa Marekani waliokufa vitani.

Nianzie Charleston, Carolina Kusini. Katika mwaka wa mwisho wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, jeshi la Kusini, la majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa, liligeuza uwanja wa mbio za farasi wa matajiri wa mji kuwa gereza lisilo na paa, na humo askari wa Kaskazini wasiopungua 257 wakafa kwa maradhi, wakafukiwa ovyo nyuma ya jukwaa la watazamaji. Mji ulipotekwa, watu weusi waliotoka utumwani juzi tu waliwafukua, wakawazika upya kwa heshima, makaburi yakapangwa kwa safu, wakajenga uzio na kuandika langoni kwamba hao ni mashahidi wa uwanja wa mbio. Tarehe 1 Mei 1865 watu wapatao 10,000 waliandamana hadi pale, wakitanguliwa na watoto wa shule wapatao 3,000 waliobeba mawaridi.

Najua baadhi yenu mtasema kwamba vita vile si vyetu, sisi ni wageni. Je, wale wachimba makaburi walikuwa na udugu gani na maiti zile? Hawakuwa ndugu zao. Walichojua ni kwamba walikufa katika vita vilivyovunja minyororo yao. Sisi tunaosafiri usiku kucha kuwahi mazishi ya jirani, tunaokusanyika kwa hitima na arobaini, tunalielewa hilo bila kufundishwa.

Habari za Jenerali John Logan, kiongozi wa maveterani wa jeshi la Kaskazini, na tangazo lake la mwaka 1868 kwamba makaburi ya askari yapambwe maua tarehe 30 Mei, mnazijua. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1971 ndiyo iliyoiondoa siku hii tarehe 30 Mei na kuiweka Jumatatu, watu wapate mapumziko marefu. Seneta Daniel Inouye, aliyepoteza mkono vitani, aliwasilisha miswada mara kwa mara akitaka tarehe ya zamani irudi, hadi alipofariki mwaka 2012 bila kufanikiwa.

Bendera hupepea nusu mlingoti hadi saa sita mchana. Basi kabla ya kuwasha mkaa, wapelekeni watoto kwenye makaburi ya askari. Mimi nitakuwa langoni saa tatu asubuhi, na maua nitakuja nayo.