Daftari Limejaa, Droo Tupu

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani. Leo kaka Musa kaja na stori alinihadithia kabla hatujawasha maiki, nikamwambia hapana, hii tuirekodi.

MUSA: Ahsante dada Zuhura. Yaani mi kilichotaka kuniua kibiashara sio hasara, ni mauzo. Nilipata mteja mkubwa, oda ya kujaza stoo, nikashangilia weee, kumbe yeye anachukua mzigo kwa mali kauli analipa baada ya siku 90 na mimi aliyeniuzia anataka chake ndani ya siku 30.

ZUHURA: Hapo simama kwanza. Weka namba mtu aelewe.

MUSA: Sawa. Tuseme umenunua kwa 80 umeuza kwa 100. Faida 20, kwenye daftari safi kabisa. Ila siku ya 30 unatoa 80, na mteja keshabeba mzigo mwingine, siku ya 60 unatoa 80 tena, hapo 160 imetoka na hujaingiza hata senti. Siku ya 90 ndo kwanza anakuletea 100, na siku hiyohiyo unadaiwa 80 ya tatu. Sasa angekuwa anachukua oda mara mbili ya hiyo, lile shimo lingekuwa 320.

ZUHURA: Kwa hiyo unavyokua ndivyo unavyokauka.

MUSA: Ndo hivyo. Nakumbuka mwisho wa mwezi mmoja nimefungua daftari, ukurasa wa wadeni umejaa mpaka nimeandika pembeni kwa herufi ndogondogo, nikijumlisha mi tajiri kabisa. Kijana wangu wa stoo kasimama mlangoni, haongei, anakunjakunja kofia mkononi. Anasubiri mshahara. Navuta droo, kuna risiti na kalamu.

ZUHURA: Aisee. Pole sana.

MUSA: Nilimlipa nusu, tena ya kukopa. Ile sura yake ninayo mpaka leo.

ZUHURA: Mi niongeze hapo maana hili linaniuma kweli. Watu wanadhani mteja asipolipa umekosa faida tu. Hapana! Kwa hesabu yako hiyohiyo imepotea 80 nzima uliyotoa mfukoni, na kila mteja mzuri anakuachia 20, maana yake wateja wanne waliolipa vizuri kabisa kazi yao yote ni kumlipia mmoja aliyekula mzigo. Wanne! Na mara nyingi ulimkopesha kwa sababu uliona aibu kumkatalia, basi.

MUSA: Aibu ndo ilinimaliza.

ZUHURA: Na yule mkubwa ikawaje, ulimwacha?

MUSA: Sikumwacha. Nilimpigia simu, usiku wake nimelala najizoeza maneno, nikamwambia kuanzia oda hii nusu inalipwa kabla mzigo haujatoka stoo, iliyobaki ndani ya siku 30. Akanyamaza. Nasikia anapumua tu, mi jasho linanitoka, nikajua huyu keshaondoka. Halafu akauliza, "hiyo nusu nakutumia kwa njia gani?"

ZUHURA: Hivyo tu?

MUSA: Hivyo tu dada yangu. Miezi yote ile sikuwahi hata kumuomba.