Usibadilishe Jina la Faili

Assalam aleikum, na habari za jioni nyote. Wanaovuka feri ya Likoni wameshaniomba nisiwacheleweshe, kwa hiyo sitaeleza tiketi ni nini wala mchoro wa skrini ni nini. Kila aliyekaa humu ama huchora skrini, ama huziandikia msimbo, ama huzijaribu kabla hazijamfikia mteja. Naenda moja kwa moja kwenye ugonjwa wenyewe.

Timu ina daftari lake la tiketi, yaani programu ya kuandikia kazi, iwe GitLab, Jira au GitHub. Kila kazi imeandikwa humo: nani anaifanya, imefika wapi, inamsubiri nani. Lakini mchoro wa kazi hiyo, yaani picha ya skrini itakavyokuwa, haumo. Uko kwenye grupu la WhatsApp, umetumwa saa tano usiku, na chini yake kuna dole gumba tatu, salamu za Ijumaa na mtu anayeuliza nani amechukua chaja yake. Wiki mbili baadaye mprogramu anafungua tiketi, anasoma "tengeneza skrini ya malipo kama tulivyokubaliana", anaanza kupekua grupu. Anapata michoro minne inayofanana. Anachukua ule anaodhani ndio. Siku tatu za kazi zimekwenda hivyo, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Na hata akiupata ulio sawa, si ule ule uliotumwa. WhatsApp ikipokea picha huibana. Mistari myembamba huyeyuka, maandishi madogo huota ukungu pembeni, na ukichota rangi karibu na ukingo wa kitufe unapata namba ambayo msanifu hajawahi kuiandika. Najua mtaniambia, tuma kama hati, haitabanwa. Kweli, haitabanwa. Lakini uamuzi bado utabaki kwenye grupu, na grupu halina mahali pa kuandika kwamba jambo hili limekwisha.

Basi tukubaliane kwamba mchoro unakaa kwenye tiketi. Hapo wengi hudhani kazi imeisha, na hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu jambo linaloharibu kila kitu ni dogo na watu hulipuuza: jina la faili.

Chukueni GitLab, maana ndiyo inayoonyesha vizuri. Chini ya maelezo ya tiketi kuna sehemu ya michoro. Unaburuta picha, unaziachia pale, hadi kumi kwa mara moja. Sasa sikilizeni. Ukipakia picha yenye jina lile lile la picha iliyopo, mfumo unaelewa kuwa hili ni toleo jipya la mchoro ule ule. Unaweka jipya juu, unalihifadhi la zamani, na yeyote anaweza kufungua orodha ya matoleo arudi nyuma aone jana ulikuwaje. Ukipakia picha ile ile kwa jina jingine, mfumo unaipokea kama mgeni. Inakaa pembeni ya ile ya kwanza, haina historia, na maoni yote yaliyobandikwa kwenye ile ya zamani yanabaki kule kule yakiwa yatima.

Kwa hiyo mtu anapopakia "malipo-mwisho.png", halafu "malipo-mwisho2.png", halafu "malipo-mwisho-kabisa.png", amejitengenezea michoro mitatu isiyojuana. Mfumo ulikuwa tayari kumtunzia historia bila malipo, yeye akaukatalia kwa mkono wake. Hili nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema mpaka liingie.

Jina zuri linakaa hivi: malipo-03-pin-inasubiriwa.png. Kwanza jina la kazi, halafu namba ya hatua katika safari ya mtumiaji, halafu hali ya skrini. Herufi ndogo tupu, vistari badala ya nafasi, maana "Malipo-03" na "malipo-03" kwa mfumo ni majina mawili. Usiweke tarehe, usiweke namba ya toleo, usiweke jina lako. Tarehe na aliyepakia huandikwa na mfumo wenyewe, na haukosei.

Tena angalieni majina yanavyoharibika bila ninyi kutaka. Figma, ile programu ya kuchorea skrini, huchukua jina la fremu, yaani ubao wa skrini moja, na kulifanya jina la faili, kwa hiyo fremu ikiitwa "Frame 412" ndivyo picha itakavyotoka. Ukiweka alama ya mkwaju (/) katika jina la fremu, inageuka kuwa folda. Ukitoa picha kwa ukubwa wa mara mbili, hakikisha haikubandikii "@2x" leo na kuiacha kesho. Na ukipakua faili mara ya pili kwenye kompyuta yako, kivinjari huongeza "(1)" mwishoni, wewe unaliburuta hivyo hivyo, tayari mgeni ameingia. Kabla ya kuachia picha, soma jina lake. Ni sekunde mbili.

Kuna anayewaza kwamba akiweka jina lile lile atafuta la zamani na mteja akisema turudi kule atakuwa hana kitu. Hapana. La zamani lipo. Hata mchoro ukiuondoa kwenye tiketi kwa kuupeleka kumbukumbuni, ukifungua matoleo ya nyuma utauona. Anayeogopa kupoteza ndiye hasa anayepaswa kulinda jina.

Wa GitHub hamna matoleo ya picha wala pini, zile alama za maoni zinazobandikwa juu ya picha. Picha unayoiburuta kwenye tiketi inapewa anwani yake mpya kila mara. Nyinyi fanyeni hivi: mchoro wa sasa ukae juu kabisa, ndani ya maelezo ya tiketi, na ukibadilika, uhamishe wa zamani chini kwenye maoni pamoja na mstari mmoja unaosema nini kimebadilika na kwa nini. Wa Jira, viambatisho viwili vya jina moja hukaa vyote. Angalieni tarehe, na muandike kwenye maelezo upi unatumika.

Halafu kuna wale wa kiungo. "Sisi hatuna haja ya picha, tunaweka kiungo cha Figma, kila mtu anaona ya mwisho." Hiyo "ya mwisho" ndiyo shida yenyewe. Mwenye kazi anafungua kiungo Jumatatu, anakubali. Jumanne msanifu anasogeza kitufe, anabadilisha neno, kwa nia njema kabisa. Alhamisi mprogramu anafungua kiungo kile kile na anajenga kitu ambacho hakuna aliyekikubali. Kiungo hakikubadilika hata herufi. Picha iliyopakiwa kwenye tiketi haisogei ukiipa kisogo. Wekeni vyote viwili: picha iwe ushahidi wa kilichokubaliwa, kiungo kiwe cha kuchukulia vipimo. Na kiungo kielekee kwenye fremu yenyewe, si kwenye faili zima lenye kurasa ishirini, na mkifungue kwanza kwenye kivinjari ambacho hamjaingia, muone kama mteja ataombwa nenosiri.

Ukubwa wa picha nitaupitia haraka. Kama mnachorea simu ya upana wa 360, toeni mara mbili, yaani pikseli 720. Ukiitoa mara moja, mtu akiikuza ili abandike pini atakuwa anabandika kwenye ukungu. Na iwe png. Jpg huacha madoa pembeni ya maandishi.

Sasa pini. Wenyeji wa hapa Mombasa mnaijua leso. Leso ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Nenda Biashara Street umwambie mwenye duka "hii leso haijakaa vizuri", atakuuliza papo hapo: wapi? Pindo limepauka? Mji umejaa mno? Jina limekosewa? Hawezi kukusaidia mpaka uweke kidole. Lakini kwenye tiketi zetu watu wanaandika "naona bado haijakaa", kisha wanaondoka, na msanifu anabaki kukisia.

Ndiyo maana GitLab inakuruhusu kubofya mahali hasa kwenye mchoro, ukabandika pini yenye namba na kuandika pale pale. Tumieni. Pini moja, jambo moja. Ukichanganya matatu kwenye pini moja, mawili yakirekebishwa na la tatu likasahaulika, utaifunga au utaiacha? Daftari lisilo na pini, andikeni 1, 2, 3 juu ya picha kwa mkono na mjibu kwa namba.

Na maoni yenyewe yaseme unachoona, kwa nini ni tatizo, unataka nini. Mfano: "Jina la mteja linakatika. Nafasi inatosha herufi 12, na Mwanakombo Abdulrahman ni 21 kabla ya jina la babu. Liruhusiwe kushuka mstari wa pili, kitufe kishuke nalo." Mprogramu akisoma hivyo hana swali. Ukitaka, anza na neno moja: Lazima, Swali, au Pendekezo. Msanifu ajue kipi kinazuia kazi kuendelea na kipi ni ladha yako tu.

Hilo la majina ya watu kukatika linatokea kila siku, kwa sababu michoro mingi hujazwa majina mafupi ya kigeni. Jazeni majina ya Mwambao, na maneno ya Kiswahili yale yatakayotumika kweli. "Lipa" ni fupi, itakaa popote. Lakini "Umesahau nenosiri?" na "Tafadhali jaribu tena" zinataka nafasi, na ni afadhali ugundue kwenye mchoro kuliko kwenye simu ya mteja.

Nani anafunga pini? Aliyeifungua. Si msanifu. Msanifu anapakia toleo jipya, anajibu "tazama sasa", halafu aliyelalamika anaangalia na kufunga mwenyewe. GitLab ikifunga mjadala, pini inatoka juu ya mchoro na maneno yake yanahamia sehemu ya yaliyokwisha, kwa hiyo mkiona mchoro hauna pini hata moja, mnajua umeiva. Msanifu akijifungia mwenyewe, mchoro unaonekana safi na malalamiko yamezikwa yakiwa hai.

Mtaniuliza, na mteja? Mteja hana akaunti, hataki akaunti, anataka kujibu kwa sauti kwenye WhatsApp akiwa garini. Sawa, msimlazimishe. Lakini mtu mmoja kwenye timu, anayejulikana kwa jina, awe na kazi ya kuyabeba maneno hayo. Anaandika kwenye pini: mteja amesema hivi, tarehe hii. Ayaandike maneno yake, asiyafupishe kwa ufahamu wake. Na ukimya wa mteja usihesabiwe kuwa ndiyo.

Naona saa. La hali za skrini nilitaka kulitengea robo saa, nitalitengea dakika mbili. Tiketi ya malipo isipokelewe ikiwa na mchoro wa skrini ya furaha tu, ile yenye tiki ya kijani. Ukimtumia mteja ombi la M-Pesa kwenye simu, majibu yanaweza kuwa kwamba ameghairi, namba 1032; kwamba simu haikupatikana, 1037; kwamba salio halitoshi, 1. Kila moja inataka maneno yake na kitufe chake. Aliyeghairi usimwambie "hitilafu ya mtandao", maana atalipa tena akidhani kosa ni lenu, au hatalipa kabisa. Na kuna hali ya kusubiri, mtu ameshaweka PIN na jibu halijarudi: hapo kitufe cha kulipa kisibonyezeke tena. Michoro hiyo yote, kila mmoja na jina lake, kwenye tiketi hiyo moja. Isipochorwa, mprogramu ataibuni saa sita usiku, na mtakuja kulalamika alichobuni.

La rangi: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1, na makubwa 3 kwa 1. Abiria anasoma simu yake juani kivukoni, si ofisini kwenye kiyoyozi. Vitufe vya Android, angalau 48 kwa 48 kwa kipimo cha dp. Pimeni kabla ya kupakia ili pini zisijae mambo ambayo kompyuta ingewaambia.

La michoro inayobonyezeka silifikii leo.

Lakini hili siwezi kuliacha. Watu wanapiga skrinishoti ya simu ya mteja halisi, jina lake, namba yake, salio lake, wanaibandika juu ya mchoro ili "ionekane kama kweli". Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na tiketi inasomwa na watu wengi kuliko mnavyodhani, wakiwemo wa mikataba ya miezi mitatu. Tungeni majina, na namba ya simu iandikwe 07XX. Na kumbukeni nilivyowaambia kuhusu matoleo: la zamani halipotei. Faida ile ile inageuka hapa. Ukishapakia namba ya mtu, kisha ukapakia toleo safi juu yake, namba bado ipo, hatua moja nyuma, na yeyote mwenye ruhusa ya tiketi anaifungua. Kwa hiyo unaposoma jina la faili kabla ya kuachia picha, tazama na picha yenyewe.

Karibuni maswali, tuanze na wa Likoni.