Ruzuku ya Hifadhi: Nani Atapalilia Mwaka wa Kumi?

Waheshimiwa madiwani, na ninyi wananchi mliokuja kusikiliza, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie ruzuku ya kuboresha hifadhi ya asili iliyo ndani ya jiji. Niseme wazi tangu mwanzo kwamba natamani fedha hizi zipatikane. Msitu mdogo katikati ya majengo ukishapotea, jiji haliupati tena kwa bei yoyote. Lakini ruzuku ni mkataba, na mkataba husomwa kabla ya kutiwa saini.

Nichukue mfano wa Marekani, kwa sababu masharti yao yameandikwa bayana. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji. Fedha zake hutokana kwa sehemu kubwa na mapato ya mafuta na gesi inayochimbwa baharini, na sheria ya mwaka 2020 iliuhakikishia dola milioni 900 kila mwaka. Sehemu ya fedha hizo hupitia majimboni hadi mijini. Mfuko hulipa hadi nusu ya gharama. Nusu nyingine jiji hujitafutia. Tena kwa kawaida jiji hutumia kwanza, likapeleka stakabadhi, ndipo likarudishiwa. Jiji lisilo na akiba linaweza kushinda ruzuku na bado likakwama kabla mkandarasi hajashika sururu.

Hayo ni mahesabu, na mahesabu hupangika. Kinachonigusa zaidi ni kifungu kingine cha sheria hiyohiyo. Eneo lililopokea fedha za mfuko haligeuzwi matumizi, hata ipite miaka hamsini, bila idhini ya serikali kuu. Na hata idhini ikitoka, jiji lazima litoe ardhi nyingine yenye thamani ya soko isiyopungua ile ya kwanza na yenye manufaa yanayolingana nayo. Wapo wanaokiita kifungu hiki pingu. Mimi nakiona ni uzio imara kuliko wa seng'enge. Madiwani wa leo wanaupenda msitu. Wa kesho wanaweza kutamani maegesho ya magari.

Sasa fedha zifanye nini? Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kazi. Kishawishi ni kuzimalizia kwenye vitu vinavyopendeza pichani: lango, jukwaa, kibao kikubwa. Hifadhi ya asili mara nyingi inaumwa pasipoonekana. Njia iliyochongwa kushuka kilima moja kwa moja hugeuka mfereji mvua ikinyesha. Udongo unakwenda, mizizi inabaki wazi, watu wanaanza kupita pembeni, na njia moja inazaa tatu. Mafundi wa njia wana kanuni yao: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inaoukatiza. Kuichonga njia upya kwa kanuni hiyo, na kuifunga ile ya zamani ili ardhi ipumzike, hakuna atakayekuja kukata utepe. Hata hivyo, huko ndiko kuitibu hifadhi.

Halafu kuna mimea vamizi. Ukiifyeka leo ukaenda zako, umezifungulia mwanga mbegu zake zilizolala ardhini. Itachipua msimu ujao, na ule unaofuata, mpaka mtu mwenye subira airudie na kuirudia huku miti ya asili ikipata nguvu ya kufunika ardhi kwa kivuli. Kazi hiyo ni ya miaka mingi. Ruzuku ina tarehe ya mwisho, na nyingi hulipia ujenzi zikaacha matunzo. Inauma kuona miche iliyopandwa kwa shangwe ikimezwa na magugu kwa kukosa watu wawili wenye majembe.

Waheshimiwa, kabla hamjapiga kura, naomba mwambatishe kwenye azimio karatasi moja: fungu la matunzo ndani ya bajeti ya jiji lenyewe, idadi ya wafanyakazi, na idara itakayopalilia mwaka wa tano na wa kumi. Karatasi hiyo ikiwepo, ombeni ruzuku kesho asubuhi. Isipokuwepo, ombeni fedha kidogo, mtengeneze njia moja na bonde moja, kisha mrudi mwakani na mkono uliokwisha kuzoea kazi.

Sasa nayapokea maswali yenu.