Jinsi ya kumzungusha shangazi viwanja vya mpira bila magoti kugoma

Haya jamani karibuni, leo niko hapa Mbaraki, Mombasa, huo uwanja mnaouona nyuma yangu ndio wa timu ya Bandari, na pembeni hapa yuko shangazi na buibui lake, jezi iko ndani, hataki kutolewa uso kwa hivyo mtamsikia sauti tu. Wengi mumeniuliza twafanyaje hizi safari za viwanja na mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu, basi leo nawaonyesha. La kwanza mulishike hili, safari ipange kwa magoti yake, sio kwa mechi unayoitamani wewe.

Anzia nyumbani. Usimtoe mtu mzima Kisauni siku ya kwanza ukamtupa uwanja wa Kasarani kule Nairobi. Mlete hapa, mechi ya saa tisa, alafu we usiangalie mpira, muangalie yeye. Akaa dakika ngapi kabla hajaanza kugeuka geuka? Choo kauliza mara ngapi? Sisi mara ya kwanza alikaa kwa saruji kipindi chote cha kwanza, kufika hafutaimu hainuki, ikabidi niite kijana mwengine tumshike makwapa huku yeye anacheka anasema "polepole, mie si gunia la mchele." Tangu siku hio tuna huu mto, cheki hapa nauleta karibu, ni kipande cha godoro la spanji nimekishonea leso kuukuu, na huu ni mkanda wa kutia begani. Spanji iwe inchi nne, inchi mbili zikikaliwa zalala kabisa ni kama hujaweka kitu. Na mukae upande wa magharibi, jua la alasiri liwe mgongoni sio machoni, wengi hawalijui hilo wanashinda wameweka mkono kwa paji la uso dakika tisini.

Hapa pia utapata hadithi za bure. Shangazi hajamaliza hamri moja ashaanza na Feisal, "Feisal walichukua ligi 1965, timu ya hapa hapa Mombasa, nyinyi leo mwajisifu na nini?" Nikimwambia Bandari walibeba kombe la Shield 2019 anasema kombe si ligi mwanangu. Sawa shangazi.

Sasa ratiba. Ratiba ya ligi yetu usiiamini mpaka siku mbili kabla, na hata hapo tafuta mtu wa mji huo umpigie. Kuna uwanja mmoja siutaji, tulikaa kwa matatu tangu alfajiri, kufika geti lina kufuli, ndani mbuzi wanakula nyasi, mlinzi atuambia mechi imehamishwa juzi. Shangazi hakugomba, alinunua mahindi ya kuchoma akakaa chini ya mti, lakini njia nzima ya kurudi hakusema neno, bora angegomba.

Kwenda Nairobi sisi ni treni tu, basi usiku kucha magoti yavimba. Tiketi yakatwa mapema, kwa simu ni *639# alafu unalipa na M-Pesa, na kitambulisho iwe orijino. Stesheni ya Miritini fika saa nzima kabla, kuna kukaguliwa mizigo, mbwa wananusa, foleni, na mzee hapelekwi mbio. Usimpandishe ile ya usiku hata kama mwaokoa pesa ya kulala, yawashusha Syokimau, stesheni ya Nairobi, alfajiri na baridi, mutajuta. Chukua ya mchana, ukishuka Syokimau kuna treni ndogo ya kuingia mjini, lala, mechi kesho.

Geti ndio penyewe sasa, hapa nisikilizeni vizuri. Mwanamke akaguliwa laini yake na mwanamume laini yake, kwa hivyo mtaachana tu mpende msipende. Kasarani mwaka 2025 kwenye CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, robo fainali Kenya na Madagaska, tiketi zote mbili nlikuwa nazo kwa simu yangu mimi. Shangazi akaenda laini yake hana kitu mkononi, mimi nimekwama kwa umati wa wanaume huku, yeye kule arudishwa na askari wa kike, naye amwambia "mwanangu yuwaja, ndiye mwenye tiketi." Dakika arobaini! Kwa hivyo tiketi yake iwe kwa simu yake, piga na skrinshoti maana mtandao hapo getini wakufa, na mukubaliane mahali pa kukutana ndani, tena sio "hapo ndani," ni geti namba fulani, penye muuza bendera. Maji mnywe kabla, chupa mara nyingi hubaki nje. Na huko mechi tukatolewa kwa penati, shangazi alijifunika leso tangu penati ya kwanza mpaka ya mwisho, kila saa anauliza "imeingia?"

Hapo Nairobi, Nyayo na Kasarani ukipewa kuchagua, kwa mtu mzima chukua Nyayo. Ni wa 1983, hauko mbali na mjini, kutoka barabarani mpaka geti ni hatua chache. Kasarani ni wa 1987 na ni mkubwa mno, kutoka Thika Road kuingia ni mwendo, lipa boda au teksi imsogeze mpaka inapozuiwa.

Kwengine napita haraka. Mamboleo kule Kisumu ni mpya, umefunguliwa 2021. Bukhungu Kakamega mvua za jioni, beba mwavuli. Wundanyi, uwanja wa Dawson Mwanyumba, ni karibu, wapitia Voi na Mwatate, lakini ni milimani, mtu wa pwani atatetemeka, shangazi alivaa soksi zangu mikononi.

Mwisho, refa akipuliza kipenga musiinuke. Waacheni vijana wasukumane huko mlangoni, nyinyi kaeni robo saa, mpe hamri lililobaki, mnyooshe mguu mmoja mmoja hivi, akanyage kwanza akiwa amekaa ndio umuinue. Haya hebu nizime kamera, refa ashapuliza hapa na shangazi anasimama peke yake, shangazi! Ngoja kwanza!