Somo la haki lisingoje mfadhili

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wanafunzi, naona kwenye ratiba nimepewa nusu saa na mada nne. Walionialika wananijua. Tukifika ya pili tushukuru.

Basi ya kwanza: fedha za kufundishia watu haki zao. Mtu wa kijijini akisikia habari za haki zake, mara nyingi amezisikia kwenye mradi. Mradi una bango, una fulana, una nauli na soda. Na mradi una tarehe ya mwisho. Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa saini moja, huku kwetu shughuli zikalala, tukalalamika wee. Nauliza: kwani Katiba ni ya Marekani? Ibara ya 130 ya Katiba yetu ya Tanzania imeipa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kazi ya kuhamasisha hifadhi ya haki nchini. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2011 kuhusu elimu ya haki za binadamu linasema mwenye dhamana ya kwanza ni serikali. Hakuna palipoandikwa kwamba tungoje mfadhili apatikane.

Najua kuna kijana atasimama aseme, mama, shule hazina madawati, wewe unataka hela za semina? Sitaki semina! Za hotelini zimetosha. Nataka kitu kama hiki, na walionisikia zamani wanivumilie: kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983. Mwanamke kaachika, anadai sehemu ya nyumba. Mahakama za chini anaambiwa wewe ulikuwa mama wa nyumbani, hukuchangia kitu. Kesi inapanda hadi Mahakama ya Rufani, na Jaji Mkuu Nyalali anasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Nikiisimulia kijijini na kufika hapa, wanawake wanapiga vigelegele. Nawaambia subirini. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu! Mumewe alishampa fedha aanzishe biashara, akazitapanya, mahakama ikahesabu kwamba fungu lake ameshalila. Sasa makofi yanatoka upande wa wanaume. Hapo ndipo somo linapoanza. Watu wanabishana mpaka giza linaingia, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kile cha kugawana mali ya ndoa, kimeingia kichwani bila daftari. Gharama yake nini? Nauli ya bodaboda. Msaidizi wa kisheria wa pale pale angeweza kuifanya kazi hiyo kila wiki, ila nauli hana, mradi wake ulikwisha. Na hukumu yenyewe, ukitaka kumwachia akaisome, ni ya Kiingereza.

Hela zitoke wapi? Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nne, nne, mbili. Jambo jema sana. Mama anakopa na kikundi chake, ananunua cherehani. Mume anafariki, arobaini haijafika, mashemeji wamebeba cherehani na godoro juu. Deni wamemwachia. Marejesho yanakwama, kikundi kinagombana, halmashauri inapiga simu, kumbe hakuna aliyemwambia kwamba cherehani haikuwa ya marehemu, na kwamba mirathi ina msimamizi na Mahakama ya Mwanzo ipo. Mimi naomba robo ya asilimia ya mapato hayo kwa elimu ya sheria. Robo! Ilinde hizo kumi.

Wanaosema ukimfundisha mtu haki atasahau wajibu, wafungue Katiba yao. Ibara ya 25 hadi ya 28 ni wajibu mtupu, zimekaa sehemu ile ile na haki. Mwalimu asiyefika huko ni mvivu, msimlaumu mwanafunzi wala somo.

Mwenyekiti anagonga meza. Mitaala na mafunzo ya polisi mtaniuliza nje, nina maneno mengi huko. La mwisho ni la likizo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mkienda nyumbani, hudhurieni, muulize elimu ya sheria imepangiwa shilingi ngapi mwaka huu. Mtendaji akisema haina kasma, yaani fungu kwenye bajeti, msizomee. Ombeni jibu lake liandikwe kwenye muhtasari, kisha nakala mpelekeeni diwani kabla bajeti haijapita.

Haya, maswali. Yule wa nyuma aliyenuna tangu nianze, anza wewe.