Kupiga Adagio ya Mozart kwenye Kinanda: Mwendo, Ufunguo na Hisia

Karibu, mtazamaji. Somo hili tumeliandaa hapa Dodoma kwa ajili ya wapiga kinanda wa kwaya ambao tayari wanasoma nota na wanataka kupiga muziki wa polepole bila kuufanya usinzie. Tutatumia sehemu ya pili ya Konsato ya Piano (muziki wa piano ikiambatana na okestra) namba 23 ya Wolfgang Amadeus Mozart, K. 488 (namba yake katika orodha ya Köchel ya kazi za Mozart), aliyoikamilisha mjini Vienna mwezi Machi 1786. Weka nota mbele yako, washa kinanda, chagua sauti ya piano ya kawaida, na uzime midundo yote.

Anza kwa kuhakikisha kwamba transpozi iko sifuri. Wengi wetu tumezoea kupiga kila wimbo kwenye C na kuiachia mashine ipandishe au ishushe, lakini leo vidole vyako vinapaswa kukutana na F shapu maina yenyewe, kwa sababu mkono unaotua kwenye vitufe vyeusi hutulia kwa namna nyingine na kubonyeza kwa uangalifu zaidi. Konsato nzima iko kwenye A meja, na sehemu hii ya kati inatumia shapu zilezile tatu, yaani F, C na G, isipokuwa makao yake yamehamia kwenye maina. Kwa mtu aliyelelewa na solfa, doh ni A, na wimbo unatulia kwenye lah; ile E shapu utakayoiona mara kwa mara ndiyo se, inayokuvuta urudi lah. Mozart hakuandika sehemu nyingine yoyote ya kazi zake ikiwa na ufunguo huu kama makao yake makuu.

Sasa tuingie kwenye mwendo, ambako ndiko wengi huharibu. Mozart aliandika Adagio, yaani polepole, ingawa matoleo kadhaa ya zamani yalichapishwa yakiwa na neno Andante, ambalo ni mwendo mwepesi zaidi. Tofauti hiyo isikutishe. Kipimo ni 6/8, kwa hiyo hesabu mapigo sita madogo, lakini mwili wako usikie mawili makubwa, lile la kwanza na lile la nne. Weka metronomu kwenye 90 kwa kila pigo dogo. Kisha, kabla ya kugusa kitufe chochote, piga kwa kiganja juu ya paja mdundo unaofungua wimbo: noti yenye nukta, noti fupi sana, halafu noti ya kawaida. Huo ni mdundo wa siciliana, na asili yake ni mwendo wa kuyumba kidogo. Noti ile fupi ikichelewa au ikinenepa, uyumbaji unapotea na unabaki na maombolezo mazito ambayo hayamo kwenye nota. Kwa maoni yangu huzuni ya sehemu hii inatokana na kuendelea kutembea. Anayeburuta mwendo ili asikitishe watu huwachosha tu.

Piano inaanza peke yake kwa baa zipatazo 12, okestra ikiwa kimya. Piga mkono wa kushoto kwanza, peke yake, mpaka besi itembee bila kusitasita, kwa sababu ndiyo inayoshikilia mwendo. Karibu na mwisho wa solo hii utakutana na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G meja. Simama hapo uisikilize vizuri: G shapu, ambayo ni te, imeshushwa ikawa ta, na sauti zinazounda kodi hiyo ni ta, re na fa. Wimbo unaonekana kama umefunguliwa dirisha kwenye chumba kisicho chake, kisha se inaurudisha nyumbani. Usiongeze nguvu hapo na usipunguze mwendo. Kodi yenyewe inatosha.

Katikati, filimbi na klarineti zinaleta A meja, na hali inang'aa kwa muda. Ukiwa huna okestra, badili mguso tu: bonyeza kwa wepesi, na upunguze kanyagio ili sauti zisichanganyike.

Kuelekea mwisho, nyuzi zinadonolewa kwa vidole, huku piano ikiruka kutoka noti za chini hadi za juu sana kwa noti chache zilizo wazi. Wapo wapiga piano wanaojaza nafasi hizo kwa mapambo, na wapo wanaoziacha kama zilivyoandikwa. Mimi ningekushauri uziache hivyo kwanza, hasa kwenye kinanda cha vitufe 61, ambapo mruko wenyewe ni kazi ya kutosha kwa mkono wa kulia.

Hatimaye jirekodi kwa simu bila metronomu. Baa 12 za kwanza zina mapigo madogo 72, kwa hiyo kwa mwendo wa 90 zinapaswa kuchukua sekunde 48 hivi. Saa ikionyesha sekunde 60, umeshuka hadi 72. Rudi kwenye mkono wa kushoto, utafute baa ambayo besi ilianza kulegea, na uanzie hapo.