Hoho moja ni kiasi gani?

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Na nyinyi mnaotusikiliza, karibuni jikoni kwetu hapa Tanga. Leo mezani pana mizani, ubao, kisu na hoho sita za soko la Mgandini.

MPWA: Nimezinunua asubuhi. Wengi hutuuliza: mapishi yanasema "tia hoho mbili." Hoho mbili zipi?

SHANGAZI: Swali hilo limeshanitoa machozi. Nilipikia khitma, mchuzi wa samaki wa nazi, sufuria mbili kubwa. Mazoea yangu ni kuagiza hoho 20, na siku zote zinatosha. Siku ile zikaja 20 kweli, ila kila moja ni ngumi ya baharia, kijani imekolea. Nikazikata zote kwa sababu hesabu ni ileile. Mchuzi ukawa na uchungu wa mbali, na harufu ya hoho ikammeza samaki. Hakuna aliyesema neno. Lakini mpishi hutazama sahani zinavyorudi: wali umekwisha, mchuzi umesukumwa pembeni.

MPWA: Pole, shangazi. Hebu tupime hizi. Hii ndogo... gramu 70. Hii kubwa, gramu 210.

SHANGAZI: Mara tatu yake! Na zote zinaitwa hoho moja.

MPWA: Sasa nazisafisha. Natoa kikonyo, mbegu na ule utando mweupe. (Kisu kinagonga ubao.) Kubwa imebaki 172, ndogo 55. Karibu sehemu moja katika tano imeingia kwenye ndoo ya taka.

SHANGAZI: Zikate vipande vidogo vya mchuzi, utie kwenye kikombe cha chai, kile cha robo lita. Usishindilie.

MPWA: Kubwa imejaza kikombe na kuzidi kidogo. Ndogo imefika kama theluthi.

SHANGAZI: Basi tangu ile khitma mimi nahesabu vikombe. Kilo moja ya samaki wa nazi, nusu kikombe cha hoho ya kijani kinatosha. Rosti la nyama linahimili kikombe kizima, maana nyanya na vitunguu vimeshakaangika vikatoa utamu. Na katika mchuzi wa nazi hoho naitia mwishoni, baada ya tui zito. Ikichemka sana inageuka rangi ya majani makavu na uchungu unatoka.

MPWA: Uchungu huo unatokana na uchanga. Hoho ya kijani ni tunda ambalo halijaiva. Ukiiacha mtini hugeuka nyekundu, njano au ya chungwa, kutegemea mbegu, na sukari inaongezeka. Nyekundu imekaa shambani muda mrefu zaidi, ndiyo maana bei yake iko juu.

SHANGAZI: Bibi yangu akiziita pilipili boga. Ukiitazama kwa chini, kweli ni boga dogo.

MPWA: Tena kuna jambo ambalo sisi watu wa machungwa ya Muheza tunapaswa kulijua. Gramu 100 za hoho nyekundu mbichi zina vitamini C mara mbili na zaidi ya uzito huohuo wa chungwa. Kwa hiyo nyekundu mimi naipeleka kwenye kachumbari. Kuichemsha naiona hasara.

SHANGAZI: Nakubali, iwe mbichi na ndimu. Sasa tuseme kuchagua, maana watu wananunua kwa macho tu. Hoho nyingi zinatoka milimani Lushoto, zinateremka Soni na Mombo hadi huku kwenye joto. Zikifika zimeshachoka safari. Shika mbili za ukubwa mmoja, moja kila kiganja. Iliyo nzito ndiyo yako. Nzito ina nyama nene na maji yake bado yamo. Nyepesi ama ngozi ni nyembamba, ama imeanza kukauka.

MPWA: Na kikonyo?

SHANGAZI: Kikonyo hakisemi uongo. Kiwe kijani na kigumu. Kikiwa cheusi au laini, iache. Kisha geuza, uchungulie pale kikonyo kinapoingia. Ukiona kitundu kidogo kama cha sindano, mdudu ameshaingia, hata nje iwe inang'aa. Na kwenye fungu, chukua ya chini kabisa uiangalie. Nimeshauziwa fungu lililopangwa hoho nzuri juu na zilizobonyea chini.

MPWA: Niulize hili linalozunguka kwenye simu: hoho yenye matako matatu ni dume, ya manne ni jike na ni tamu zaidi.

SHANGAZI: Nami nililetewa. Nikazikata za aina zote, zote zina mbegu.

MPWA: Zote zina mbegu kwa kuwa ua la hoho lina dume na jike humohumo. Matako yanatokana na aina ya mbegu na jinsi tunda lilivyokua.

SHANGAZI: Ila kwa kujaza nyama na wali, ya manne naitafuta, kwa sababu inasimama yenyewe sufuriani. Ya matatu inayumba, kitoweo kinamwagika. Kwa mishkaki nachagua yenye kuta zilizonyooka. Kubwa kama hii, ukikata vipande vya upana wa vidole viwili, inatoa kama 16. Iliyopinda inatoa 10, na vingine vinapasuka kwenye kijiti.

MPWA: Na kuzihifadhi?

SHANGAZI: Usizioshe mpaka siku ya kupika. Nyumba isiyo na friji, kikapu kilicho wazi, kivulini, siku mbili tatu. Kwenye friji ziwe droo ya chini, mbali na barafu, maana baridi kali inazitia madoa ya majimaji.

MPWA: Shangazi, tui linaanza kupanda.

SHANGAZI: Lete kikombe. Kijaze nusu, hapo hapo. Zinazobaki funika, za kachumbari ya jioni.